Stesheni ya TAZARA Mbeya ikikarabatiwa: tuipige alukobondi au tuiwekee sanamu?

Wakuu heshima kwenu, naomba tulijadili hili maana kila ikitajwa habari ya kukarabati TAZARA watu wanagawanyika, kuna wanaosema jengo la stesheni pale Iyunga limepitwa na wakati lipigwe vioo na alukobondi (yale mabamba ya alumini ya kufunika kuta) lifanane na stesheni za reli mpya ya SGR, na kuna wanaosema hela yote iende kwenye injini na mabehewa, mapambo ya nini.

Mi nasema ule ukumbi uachwe na umbo lake, panapovuja pazibwe, rangi ipigwe, afu mlangoni zisimame sanamu za mawe za vibarua. Sio viongozi, yani vibarua kabisa, na sururu zao. Reli ina kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia ila kipande kilichotesa watu kiko huku kwetu nyanda za juu, Mlimba kwenda Makambako, mahandaki na madaraja mfululizo, lile la mto Mpanga nguzo zake zinapanda mita 50 toka chini. Kuna watu walifia kwenye ile kazi, Waafrika na Wachina. Abiria akishuka Mbeya aone sura zao.

Angalieni stesheni kuu ya Helsinki kule Finland. Mlangoni kuna majitu manne ya mawe, mawili kila upande, kila moja limeshika taa ya duara, kazi ya mchongaji Emil Wikström. Na ilianza kwa ugomvi! Mwaka 1904 Eliel Saarinen alishinda shindano kwa mchoro wenye mapambo ya kikale, mpaka dubu wamo, wasanifu wenzake Sigurd Frosterus na Gustaf Strengell wakampinga hadharani, akabadilisha mchoro, na ilipofunguliwa 1919 dubu hawapo, kuta zimenyooka, sanamu chache lakini zina nguvu kweli kweli. Walibishana mapema, kabla jiwe halijachongwa, na sisi ndo wakati wetu.

Wa injini kwanza nawaelewa, hata mi nataka treni ifike kwa wakati. Ila sanamu nne haziwezi kumaliza hela ya injini, marumaru inachimbwa huku huku, wachongaji tunao. Na hiyo SGR mnayoisifia, stesheni ya Dar imechorwa kwa umbo la tanzanite, kwa hiyo hata wao hawakutaka boksi la vioo tu.

Sasa anayetaka alukobondi anijibu, mgeni akishuka pale atajuaje kafika Mbeya?