Tupeane uzoefu: waridi la jangwa kwenye baridi ya Lubumbashi

Mama wa Kampemba
Jambo jamani. Mwezi wa tatu nilinunua waridi la jangwa kwa kijana anayepanga miche pembeni ya barabara, lina maua matano mekundu. Nikaliweka barazani. Baridi ilipoingia mwezi wa sita, majani yakawa njano, yakawa yanadondoka mawili matatu kila asubuhi. Nikalihurumia. Kipwa, yaani kiangazi, kimekausha kila kitu kwenye lupango, uwanja wa nyumba yetu, nikajua ni kiu, nikawa nalimwagia kikombe kila siku kabla ya kwenda sokoni. Jana nimeminya lile shina nene la chini, kidole kikazama kama kwenye nyanya iliyooza, maji ya kahawia yakatoka yananuka. Nyie mnalivushaje baridi? Juu bado kuna uzima, sitaki life.

Baba Katuba
Pole mama. Halikuwa na kiu, lilikuwa limelala. Kwao ni Saheli, Afrika Mashariki na Uarabuni, na lile shina nene ndilo ghala lake la maji. Hapa kwetu usiku wa mwezi wa sita na wa saba hushuka chini ya nyuzi 10, na mizizi haivuti tena. Maji yanatuama tu na kuozesha.

La kwangu la kwanza nililiua kwa kufuata karatasi. Mdogo wangu alileta mbegu kutoka Ubelgiji, na maelezo yake: mwagilia sana Juni hadi Agosti, pumzisha Desemba. Nikatii neno kwa neno. Lilipokufa na la pili ndipo nikawaza: Juni yao ni joto, Juni yetu ni baridi! Siku hizi likianza kupukutika naacha maji miezi miwili, hata mitatu. Likinywea sana na kufanya mikunjo, nusu kikombe saa sita mchana, basi. Mwezi wa tisa vichipukizi vikitokea narudi kumwagilia, kidogo kidogo.

Sasa kata sehemu yote iliyooza mpaka ukute nyama nyeupe safi, paka unga wa makala (mkaa), liache kivulini likauke.

Fundi wa Ruashi
Baba amesema kweli, ila angalieni na udongo. Mimi nafyatua matofali, nishike nini kama si kichuguu? Mke wangu alipandia waridi humo kwa kuwa nyanya zake zilistawi. Lakini udongo wa kichuguu ni mfinyanzi, unashika maji, ndiyo sababu tunaupendea matofali. Masika ukilowana, ndani ya chungu unabaki mbichi wiki nzima.

Sasa nachanganya mafungu mawili ya mchanga mkubwa wa mtoni, moja la matofali mabovu niliyoyaponda kama punje za mahindi, moja la udongo wa bustani. Nalipanda kwenye kopo la rangi lenye matundu sita ya msumari chini. Ukimwaga maji juu, kabla hujahesabu kumi yametoka chini. Na mvua za mwezi wa kumi na mbili zisilipige, lisogezeni chini ya paa penye jua.

Binti wa Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi)
Dada unayekata, vaa mifuko ya plastiki mikononi. Utomvu wake ni sumu, kuna sehemu za Afrika waliupaka kwenye mishale ya kuwindia. Mdogo wangu alivunja tawi akajifikicha jicho. Tuliliosha kwa maji mengi, na bado lilikuwa jekundu siku mbili.

Mama wa Kampemba
Aksanti sana wote. Nilikata mara tatu ndipo nikafika kwenye nyama safi, likabaki kipande cha urefu wa kiganja. Siku kumi chini ya meza ya jikoni, kisha kwenye mchanganyiko wa fundi, bila tone la maji mpaka mwezi wa tisa. Leo ni mwezi wa kumi, joto limepanda, nimeliminya: gumu kama muhogo mbichi. Kwenye ncha kuna vijani vitatu vinavyong'aa kana kwamba vimepakwa mafuta. Fundi, zile punje za tofali bado unazo? Jirani naye anataka kopo lake.