Dansi za bolrumu, tuanzie wapi? Harusi ni Disemba

BintiChangamwe
Hamjambo wana Mombasa. Mungu akijalia naolewa Disemba, na mie na mchumba wangu tumekubaliana tufungue ukumbi kwa dansi ya wawili, ile ya kushikana na kuzunguka. Shida hata jina la tunachokitaka hatulijui. Nimeangalia video mpaka usiku wa manane, huyu asema walzi, yule tango, mwengine rumba lakini hiyo rumba yenyewe haifanani kabisa na rumba ya bendi ninayoijua. Sasa bolrumu ni dansi ngapi, zimetoka wapi na sisi tushike ipi? Yeye afanya kazi bandarini kwa zamu, kwa hivyo tuna jioni mbili tu kwa wiki, na mahali ni hapa sebuleni tukitoa meza.

FundiHatua
Hongera sana dadangu. Kwenye mashindano ziko 10, makundi mawili ya tano tano. Standadi ni zile za suti na magauni marefu: walzi, tango, walzi ya Vienna, foksitroti na kwikstepu. Latini ni samba, chachacha, rumba, paso doble na jaivu. Za standadi mwashikana mwanzo mpaka mwisho na wachezaji wote wazunguka ukumbi upande mmoja, kinyume na vile magari yetu yazungukavyo raundabauti, ukisahau hilo mtagongana na watu.

Walzi ilianza kwa watu wa mashambani huko Austria na kusini mwa Ujerumani kabla wakubwa hawajaichukua. Ilipochezwa kwenye dansi ya kifalme London 1816, gazeti la The Times liliikemea vibaya sana kwa sababu mwanamume na mwanamke wamekumbatiana mbele za watu! Foksitroti ni ya Marekani, walioieneza ni mke na mume, Vernon na Irene Castle, mwaka 1914. Tango mwambie mchumba wako ni ya watu wa bandari kama yeye, imetoka mitaa ya maskini Buenos Aires na Montevideo. Waingereza wao ndio walioketi wakaandika kanuni, mguu upi uende wapi na kisigino kishuke lini, ndio maana leo mtu wa Japani na mtu wa Uingereza wakikutana wanaweza kucheza pamoja bila kuzungumza neno.

Nyinyi shikeni walzi ya polepole. Hesabu moja mbili tatu. Mume atoa kushoto mbele, kulia kando, kushoto afunga, halafu kulia nyuma, kushoto kando, kulia afunga, na wewe wafanya kinyume chake. Hiyo ni boksi, na boksi yaenea sebuleni. Moja ndiyo hatua ndefu, mbili na tatu mwapanda juu ya vidole, tatu ikiisha mwashuka taratibu. Wengi huisahau hii ya kushuka na hapo ndipo utamu wote ulipo.

BabuMajengo
Mjukuu wangu, umeona sawa, hizo rumba ni mbili ingawa asili yake ni moja. Waafrika waliochukuliwa utumwani ndio walioiotesha huko Kuba, na miaka ya 1930 santuri za GV, za kampuni ya HMV, zikauleta muziki wa Kuba huku Afrika, Wakongo wakausikia wakaujua kuwa ni wao, wakautia magitaa yao mpaka ukatufikia sisi na bendi zetu. UNESCO imeziandika kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni, ya Kuba 2016, ya Kongo 2021. Hii unayoiona kwenye video ilipangwa London na mwalimu mmoja Mfaransa, Monsieur Pierre, baada ya kwenda kuitazama Kuba.

Kwenye hiyo ya mashindano mtu akanyaga mbili, tatu, nne, halafu moja hakanyagi, auacha uzito ukae kwenye nyonga. Dada zetu waliozoea chakacha hapo hukosea, maana chakacha waizungusha nyonga yenyewe kwa makusudi, lakini rumba hii yaanza gotini, ukilinyosha goti nyonga yajiendea yenyewe. Simama mbele ya kioo ujaribu polepole utaona ninavyosema. Mie naipenda sana, lakini kwa muda mlionao si ya kuanzia.

MamaLeso
Naongeza la viatu. Mie nilijifunza na raba juu ya sakafu ya sementi, raba yashika chini na wewe wataka kugeuka, goti likanivimba nikakaa wiki mbili sichezi. Tafuta kiatu cha soli ya ngozi, na kile cha harusi uanze kukivaa mapema. Na gauni mamangu! Kila jioni ya mazoezi jifunge leso mpaka ifagie chini, ili miguu ya nyote wawili izoee kuwa kuna kitambaa pale. Ukizoea suruali halafu siku yenyewe uvae gauni refu, hatua ya kwanza ya kwenda nyuma kisigino chako chaingia kwenye pindo.

BintiChangamwe
Asanteni mno, Babu shikamoo. Jana tumetoa meza tukacheza boksi saa nzima, leso nimejifunga. Hesabu twaipata, lakini tukifika ile ya kwenda nyuma anivuta mikono mpaka bega laniuma, na akiacha kunivuta mie sijui aelekea wapi.

FundiHatua
Mikono haivuti wala haisukumi, yakaa tu mahali pake. Mwambie asiutoe mguu mpaka kifua kimeanza kwenda, kifua kwanza kisha mguu, na mkono wake wa kulia uwe chini ya bega lako mgongoni, usishuke kiunoni. Halafu wewe ufumbe macho mcheze boksi kumi bila muziki. Ukiweza kujua aenda wapi macho yamefumbwa, wekeni muziki.