Kutaisi, Georgia: je, Kanisa Kuu la Bagrati bado linafaa kutembelewa?

Msafiri wa Milimani aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Natarajia kupita Kutaisi, mji wa magharibi mwa Georgia uliokuwa makao ya wafalme wa nchi hiyo hadi mwaka 1122, Mfalme David wa Nne alipoitwaa Tbilisi na kuhamishia serikali huko. Nitakuwa na siku moja tu kabla ya kupanda ndege. Nimesoma kwamba Kanisa Kuu la Bagrati, ambalo halikosekani katika picha za mji huo, liliondolewa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2017. Je, liliharibiwa, au ni ugomvi wa wataalamu tu? Nilipe kisogo na kwenda moja kwa moja katika monasteri ya Gelati?

Mpenda Majengo alijibu:
Halikuharibiwa, ndugu, lilijengwa upya kupita kiasi. Kanisa hilo ni la enzi ya Mfalme Bagrat wa Tatu, na maandishi yaliyochongwa ukutani yanautaja mwaka 1003 kuwa ndipo sakafu ilipotandazwa. Mwaka 1692 majeshi ya Waturuki wa Osmani yalililipua, kuba na paa vikaporomoka, na kwa karne tatu likabaki gofu. UNESCO ililiorodhesha likiwa gofu, mwaka 1994, pamoja na Gelati. Serikali ilipoamua kulirudishia kuba lake, UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2010, lakini ujenzi uliendelea hadi ukakamilika mwaka 2012, ukiwa na sehemu za chuma na kioo ambazo wajenzi wa zamani hawakuzijua. Ndiyo maana leo orodha inaitaja Gelati peke yake.

Binafsi siwalaumu sana waliolijenga upya, kwani kwa wenyeji hilo ni nyumba ya ibada kabla ya kuwa kivutio cha watalii. Panda kilima kutoka ukingo wa mto Rioni, kisha usogee karibu na kuta: jiwe la kale lenye nakshi zilizolika limekaa bega kwa bega na jiwe jipya lililokatwa kwa mashine, na mpaka kati yao unaonekana kwa macho. Saa moja inatosha.

Bibi Mtalii alijibu:
Nakubaliana na aliyetangulia, ila sehemu kubwa ya siku uiachie Gelati, iliyo umbali wa kilomita 11 hivi kutoka katikati ya mji. David wa Nne aliianzisha mwaka 1106 pamoja na chuo cha wanazuoni. Ndani ya kanisa kubwa, juu ya madhabahu, yupo Bikira Maria aliyeundwa kwa vijiwe vidogo vya rangi, nyuma yake kukiwa na dhahabu, huku malaika wakuu Mikaeli na Gabrieli wamesimama kandoni. Usishangae ukikuta majukwaa ya mafundi, kwa kuwa katika miaka ya karibuni paa limevuja na baadhi ya michoro ya ukutani imeathirika.

Wageni wengi huondoka hapo bila kufika kwenye lango la kale la kusini, na ni hasara kubwa. Kaburi la David limelazwa katika njia yenyewe ya kupitia, jiwe refu ambalo zamani kila aliyeingia kwa lango hilo hakuwa na budi kulikanyaga. Kando yake limesimama bawa la lango la chuma la mji wa Ganja, ulio Azerbaijan ya leo, ambalo Demetre, mwana wa David, alilichukua kama nyara baada ya tetemeko la mwaka 1139 kuubomoa mji huo. Lina maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi, humo humo ndani ya monasteri ya Kikristo.

Msafiri wa Milimani:
Nashukuruni sana. Vipi kuhusu usafiri na mavazi?

Mpenda Majengo:
Marshrutka, yaani mabasi madogo ya abiria, huenda Gelati mara chache tu kwa siku, hivyo ulizia saa ya kurudi kabla hujapanda, au ukodi teksi na mkubaliane bei kwa lari, fedha ya Georgia, mapema. Ukiwa na teksi, mwombe dereva apitie monasteri ya Motsameta, iliyo juu ya genge la mwamba njiani humo. Wanawake hujifunika kichwa na kuvaa sketi ndefu, wanaume hawaingii na kaptula.