Naomba ushauri: mifupa ya baba na betri chakavu

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naandika kutoka Mikindani, Mtwara.

Baba ana miaka 64. Kwa miaka kama 15 amekuwa akinunua betri chakavu za taa za dharura na drili, anazipasua kwa nyundo nyuma ya jiko, nyingine anazichoma, kisha anauza chuma. Yale majivu tulikuwa tunamwaga pembeni, na hapohapo mama kaotesha mchicha. Sigara naye haachi.

Sasa analalamika kiuno na miguu, akiinuka kwenye mkeka lazima ashike ukuta. Juzi kajikwaa tu kizingitini, mbavu ikapasuka. Hospitali walisema uzee, wakampa dawa za maumivu na vidonge vya kalsiamu. Ila mkojo una protini (dalili ya figo kuumia), na sukari hana, presha iko sawa. Hapo ndipo niliposhtuka.

Nimesoma kwamba betri za aina hiyo mara nyingi zina kadimiamu, metali yenye sumu, ambayo hukaa kwenye figo miaka 10 hadi 30 na kudhoofisha mifupa. Kule Toyama, Japani, mchele wa maji ya mto uliochafuliwa na mgodi uliwavunja watu mifupa, na serikali ikakiri mwaka 1968. Kazi tumemsimamisha (kwa ugomvi, mzee mbishi).

Naomba kujua: kipimo cha kadimiamu kwenye mkojo tukiombe hospitali ya ngazi gani, au sampuli hupelekwa Dar? Na ule mchicha, tuung'oe, au kuuosha vizuri kunatosha?