Mjadala: Huyo mmoja kwa 100,000 anakula nini?

Wa Jomvu: Kila likitajwa tanuri la kuchoma taka sumu hapa Mombasa, hakosi wa kusema, "Mbona Wamarekani walichoma silaha za kemikali na watu wapo?" Kweli walichoma. Kule Tooele, Utah, tanuri liliwashwa 1996, kazi ikaisha 2012. Sharti lilikuwa sumu iteketee kwa asilimia 99.9999. Na kipimo cha saratani kwa matanuri ya taka hatari kule ni mgonjwa 1 wa ziada kwa watu 100,000, maisha yao yote.

Mimi sina ugomvi na asilimia hiyo. Lakini inahesabu gesi iliyoingia tanurini, haihesabu kinachozaliwa njiani. Gesi ya haradali, mojawapo ya silaha hizo, ina klorini, na moshi wenye klorini ukipoa ndipo hujiunda dioksini, sumu isiyooza upesi na inayoweza kuleta saratani. Dioksini haikuui kwa kuivuta puani; inatua majini na majanini, inakaa kwenye mafuta ya samaki, kwenye maziwa. Ndiyo maana wakadiriaji wao wa hatari humweka kwenye hesabu mvuvi anayekula alichovua. Sasa mvuvi wa hori ya Tudor hapa kwetu, mla samaki mchana na usiku, yumo kwenye karatasi ya nani?

Wa Mikindani: Ndugu yangu, usitutie hofu. Bila hesabu tutabaki na uvumi. Na kuziacha zile silaha ghalani pia kulikuwa na hatari, makombora yao ya M55 yalikuwa yakivuja sarini, gesi ya neva. Hatari hulinganishwa na hatari nyingine, hailinganishwi na pepo.

Wa Kongowea: Nawauliza nyote wawili. Marekani, kati ya watu 100,000, kama 40,000 hupata saratani maishani hata bila tanuri. Nani ataona wakiwa 40,001? Hesabu hiyo haiwezi kushikwa uongo wala ukweli kwa kuhesabu makaburi.

Wa Jomvu: Hapo umenena. Kwa hiyo tuiulize mapema. Upepo uliotumika kwenye hesabu ni wa Kusi au wa Kaskazi? Maana Kusi hupeleka moshi kwengine kabisa. Mtoto anyonyaye kahesabiwa? Tena tanuri si njia pekee: wakaazi wa Kentucky, kwenye ghala jingine la silaha hizo, walipinga moto miaka na miaka, na huko gesi ya neva ikavunjwa kwa kemikali, kazi ikakamilika 2023.

Wa Mikindani: Haya, maswali hayo nakubali, ila la Kentucky ni la nchi yenye pesa.

Wa Kongowea: Pesa? Kijiji cha Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya madini ya risasi, na damu ya watoto ilipimwa madhara yakishaingia. Mimi nataka samaki wa Tudor wapimwe dioksini kabla ya kuni ya kwanza, na mwenye tanuri alipe. Kuna anayepinga hilo?

Wa Mikindani: Alipe, sawa. Lakini maabara aichague nani, yeye au sisi?