Mrejesho: printf na kilo za kahawa zinazopungua

Wakuu, niliuliza kwa nini programu yangu ya C ya kupokelea kahawa, huku Moshi, inaandika kilo 2.675 kama 2.67 badala ya 2.68 nikitumia `printf`, amri ya C ya kuchapisha, na `%.2f`, yaani tarakimu mbili baada ya nukta. Asanteni, limeisha.

Aliyesema nichapishe kwa `%.20f` ndiye aliyefungua njia. Kumbe 2.675 haimo kabisa ndani ya `double`, aina ya C ya kuhifadhi namba zenye nukta. Kilichomo ni 2.67499999999999982236. Kwa hiyo `printf` ilikuwa sahihi.

Kilichonikera zaidi ni 0.125 kuchapishwa kama 0.12 huku 0.375 ikichapishwa kama 0.38. Hizo ni 1/8 na 3/8, zinahifadhika kamili bila kubaki kitu. Hapo inaamua kanuni ya kawaida ya IEEE 754 (kiwango cha kompyuta cha namba zenye nukta), ambayo Linux yangu inaifuata: namba ikiwa katikati sawasawa, inakwenda kwenye tarakimu shufwa. Shuleni tulifundishwa tano inapanda, na wakulima wanahesabu hivyo hivyo. Sasa kamweleze mzee wa Kibosho habari za shufwa!

Ushauri wa kuongeza 0.0000001 kabla ya kuchapisha sikuufuata, ni kiraka tu. Nimehamia gramu: uzito ni `long` (namba nzima, isiyo na nukta), yaani 2675, naongeza 5, nagawanya kwa 10, napata 268, kisha nachapisha `268/100` na `268%100` kwa `%ld.%02ld`. Risiti sasa zinalingana na daftari la karani. Namba hasi sikuzishughulikia, mizani ya kahawa haina habari nazo.