Tupeane uzoefu: kuuguza mzazi mwenye saratani ya umio, mrija wa tumboni, na watafiti wanaoomba damu

Mlezi wa Zamu
Wakuu, jana tulijadili mrija wa kulishia, ule unaopita kwenye ngozi ya tumbo hadi tumbo la chakula kwa asiyeweza kumeza, na umenikumbusha jambo. Hospitali inakupa mgonjwa, mrija na karatasi moja, mengine mtajijua nyumbani. Wenye ujuzi wa hii saratani tunayoiita ya koo mwageni hapa: chakula, mrija, dawa ya maumivu, na hili la watafiti kuomba damu na kinyama, yaani kipande cha uvimbe. Pole tumeshapeana, sasa tuandike kinachofanyika.

Nesi Mstaafu
Naanza na mrija. Tafuta bomba la ml 50 au 60, lile lisilo na sindano. Mwegemeze mgonjwa mgongo uinuke nyuzi 30 hadi 45. Pitisha kwanza maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, ml 30. Kisha chakula ml 200 hadi 300, kishuke chenyewe kwa dakika 15 au 20. Ukisukuma kwa nguvu atatapika. Malizia na ml 30 nyingine za maji, abaki ameketi nusu saa hadi saa nzima. Mara 5 au 6 kwa siku.

Uji mtupu wa mahindi haumshibishi mtu aliyekonda. Tia maziwa, yai lililochemshwa likasagwa, karanga zilizosagwa laini, kijiko cha mafuta. Tatizo ni kwamba ukiwa na nguvu unakuwa mzito, na ukiongeza maji nguvu inapungua. Dawa yake ni unga wa kimea cha ulezi: uji ukishapoa kidogo ukawa wa moto wa kawaida, koroga kijiko kimoja, subiri dakika chache utaona unalegea wenyewe bila tone la maji. Uchemshe tena, uchuje kwa chujio la chai.

Chuga Boy
Mrija ukiziba weka Coca-Cola, dakika kumi umefunguka. Kwisha habari.

Nesi Mstaafu
Usipotoshe watu. Soda ina asidi, ikikutana na mabaki ya maziwa inayagandisha humo humo. Maji ya uvuguvugu ml 20 hadi 30, vuta na kusukuma taratibu, funga, acha robo saa, rudia. Waya wa aina yoyote marufuku, utatoboa mrija au tumbo.

Chuga Boy
Mtaani wanafungua nayo kila siku. Manesi kwa ubishi hamjambo.

Mama Kibosho
Kabla hamjapigana, angalieni kibano. Mara nyingi mrija "ulioziba" umefungwa tu, au mgonjwa ameulalia.

Nyuki wa Tabora
Kibano! Naunga mkono mia kwa mia 😂

Zamu ya Usiku
Kuziba ni kitu kidogo. Balaa lenyewe ni mrija kuchomoka saa nane za usiku, na hilo kwenye karatasi ya hospitali huwa halimo.

Inavyokuwa: mrija wenye puto hushikwa ndani na maji yaliyo kwenye puto. Puto linavuja kidogo kidogo, mgonjwa anageuka, shuka linalowa, unawasha taa unakuta mrija uko kitandani na tundu linatoa uji. Cha kwanza watu hufanya ni kuurudisha. Kama haujatimiza wiki 4 tangu operesheni, USIRUDISHE. Njia kati ya ngozi na tumbo la chakula bado haijashikana. Mrija unaweza kupita pembeni ukaingia kwenye uwazi wa tumbo, na uji wa asubuhi ukimwagika humo mgonjwa anaoza kwa ndani. Funika kwa shashi safi, usimpe kitu, mwahi hospitali usiku huo huo.

Kama ni wa zamani bado ni dharura, maana tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Ukingoja kliniki ya Jumatatu, atarudi kupasuliwa upya. Nenda na mrija uliochomoka, saizi yake imeandikwa juu yake, itawaokolea muda.

Na hili lisikieni vizuri: hospitali nyingi huweka mrija wa mkojo, ule wa Foley, badala ya mrija maalumu. Unafanya kazi, lakini hauna kizuizi cha nje, kwa hiyo tumbo likisukuma chakula linauvuta na wenyewe uende ndani. Puto likifika mlango wa kutokea tumboni linauziba: tumbo linajaa, mgonjwa anatapika, na nyumbani mnasema ugonjwa umezidi. Siku ya kwanza weka alama ya kalamu ya wino usiofutika pale mrija unapokutana na ngozi, kisha ubane kwa plasta. Alama ikipotea ndani, mwahisheni. Ni jambo la kuangalia kabla ya kila mlo.

Mama Kibosho
Kumbe ule ni wa mkojo?? Mungu wangu.

Nyuki wa Tabora
Mpya kutoka kwenye pakiti lakini, mama. Tulia.

Mama Kibosho
Pakiti au siyo pakiti, wangesema!

Mwalimu wa Kapsabet
Jameni tusisahau stenti. Huku Bonde la Ufa wengi huwekewa hospitali ya Tenwek, kule Bomet. Ni bomba la wavu wa chuma linalopanuka lenyewe ndani ya umio. Haliponyi saratani, linafungua njia ya chakula. Siku ya kwanza vinywaji tu, halafu vyakula laini. Maumivu ya kifua siku mbili tatu za mwanzo ni ya kawaida. Nyama ya kutafuna, mkate laini unaojiviringa kuwa donge, na nyuzi za chungwa au za maembe, acheni kabisa. Tonge dogo, funda la maji, tonge. Stenti ikikaa chini karibu na tumbo, asidi hupanda, kwa hiyo inua kichwa cha kitanda kwa matofali, mito huteleza. Akianza kukohoa kila anapokunywa, huenda kuna tundu kati ya umio na njia ya hewa, mrudishe upesi.

Mzee wa Pasua
Mofini, ile dawa ya maumivu makali, msikubali mapema. Ni ya kufungia safari, na atakuwa teja.

Mfamasia wa Kijiweni
Shikamoo mzee, lakini hapo nakataa. Kipimo hutokana na maumivu, hatungoji mtu afikie mwisho. Mofini ya maji hutolewa kila saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku daktari huweza kuagiza dozi mara mbili ili asiamshwe usiku wa manane. Dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyo hiyo, kwa sababu usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache ila kufunga choo hakuishi. Soma chupa: mg ngapi katika ml 5? Nguvu hutofautiana, Uganda hutia hadi rangi ili watu wasichanganye. Na vile vidonge vinavyotoa dawa polepole msivisage mkapitisha kwenye mrija, dozi nzima itamwagika kwa pamoja.

Mzee wa Pasua
Marahaba. Sijabadili mawazo, ila nimesikia.

Kalamu na Kinyama
Watafiti sasa. Mradi wa ESCCAPE, ulio chini ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, umefanya kazi Eldoret, Moshi na Malawi: maswali marefu, damu, mate na kipande cha uvimbe. Ridhaa ni ya mgonjwa mwenyewe. Asiyeandika anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtafiti. Akijitoa katikati, matibabu hayabadiliki. Omba kuona kibali cha maadili, Tanzania ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Na mtafiti halipishi. Akiomba hela, huyo ni tapeli.

Kinachoharibu dodoso ni sisi watoto. Tukijibu badala ya mzazi, pombe ya mbege na ugoro alivyotumia hupotea, ama hatujui ama tunaona aibu. Panga mahojiano saa moja hivi baada ya dawa ya maumivu, kisha utoke chumbani. Na msikasirike wakimhoji na jirani wa kitanda aliyevunjika mguu, bila yeye hakuna cha kulinganisha.

Chuga Boy
Wanauza damu zetu Ulaya hao.

Kalamu na Kinyama
Sampuli ikienda nje lazima iwe na mkataba wa kuisafirisha na kibali. Uliza, ni haki yako. Faida kwa huyu mgonjwa siyo kubwa, tusidanganyane. Ila Kilimanjaro walipima chai kikombeni, watu wakaanza kunywa ikiwa na wastani wa zaidi ya nyuzi 70. IARC mwaka 2016 iliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani.

Mama Kibosho
Chai ya vuguvugu nayo ni chai?

Mlezi wa Zamu
😂 Swali: wametupa kinyama tukipeleke maabara wenyewe. Kiko kwenye chupa ya dawa yenye maji ya chumvi.

Kalamu na Kinyama
Kitoe humo leo, kinaoza! Kitie kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia, ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa kinyama, waombe maabara ya patholojia wakupe. Kisiwekwe kwenye friza. Na jina la mgonjwa liandikwe kwenye chupa yenyewe. Kwenye kifuniko usiandike, vifuniko hubadilishana mezani.